Punda wa Kwanza katika Kaya ya Maretadu

Kaya ya Maretadu, wilayani Mbulu, inayofikiria kununua mnyama wa mizigo kwa mara ya kwanza hukutana kwanza na swali la aina ya mnyama, na swali hilo halihitaji kurasa nyingi. Farasi, ambaye ndiye anayesifiwa zaidi katika vitabu vya ufugaji vilivyoandikwa katika nchi za baridi, hafai katika Wilaya za Mbulu na Hanang isipokuwa kwa mwenye fedha za chanjo, daktari wa karibu na banda lenye wavu. Ugonjwa wa farasi wa Afrika, yaani maradhi ya virusi yanayoenezwa na visubi, wadudu wadogo kuliko mbu ambao huuma hasa kuanzia machweo hadi mapambazuko, unaweza kuua farasi 9 kati ya kila 10 wanaougua, ilhali punda milia hubeba virusi hivyo hivyo bila kuonyesha dalili. Na penye mbung'o huongezeka nagana, ugonjwa wa vimelea vya damu unaomkondesha mnyama hadi kumwangusha. Historia ya ukanda huu imeacha ushahidi wake. Aprili 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kikosi cha wapanda farasi cha Afrika Kusini kilichoongozwa na Jenerali Jaap van Deventer kilitoka Arusha, kikapitia Lolkisale na Ufiome, kikaingia Kondoa Irangi, na katika mwendo huo na miezi iliyofuata farasi walikufa kwa mamia kwa maradhi, mvua na uchovu, hata askari wengi waliotoka wakiwa juu ya tandiko wakaendelea na vita kwa miguu. Punda, ambaye babu zake ni punda mwitu wa kaskazini-mashariki mwa Afrika, huambukizwa virusi vya visubi lakini ni nadra kufa kwavyo, na ndiye anayehusika katika mwongozo huu.

Swali gumu ni kama punda huyo anunuliwe au asinunuliwe. Bei ya mnadani ndiyo inayojadiliwa zaidi nyumbani, lakini ndiyo yenye uzito mdogo katika hesabu, kwa kuwa hulipwa siku moja, ilhali punda aliyetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 25 na kuzidi. Gharama kubwa ya punda hulipwa kwa saa za mtu: wa kumfungulia asubuhi, kumfunga mzigo na kuufungua, kumchunga, kumrudisha kabla ya fisi kuanza kutembea, kumkagua mgongo na kuchokoa kwato zake. Kaya inayoweza kutoa fedha yote siku ya mnada lakini haiwezi kumtaja mtu atakayefanya kazi hizo siku ya kawaida ya Jumatano, wakati watoto wako shuleni na watu wazima wako shambani, bado haijafikia hatua ya kununua.

Namna ya kuaminika ya kufikia uamuzi ni kuandika. Kwa majuma manne mfululizo, na ikiwezekana mara mbili, yaani mara moja katika kiangazi cha Juni hadi Oktoba na mara nyingine wakati wa mavuno, kaya huandika katika daftari kila mzigo uliobebwa, uzito wake kwa makadirio, umbali, aliyeubeba na muda uliotumika. Dumu la lita 20 likijaa maji lina uzito wa kilo 20 na kidogo, hivyo maji ndiyo mzigo ulio rahisi zaidi kuhesabu. Ichukuliwe kaya inayotumia madumu 6 kwa siku na ambayo kisima chake kiko umbali wa kilomita 3. Mtu anayebeba dumu moja kichwani atakwenda na kurudi mara 6, na kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa pamoja na nusu saa ya kupanga foleni na kuchota, kila safari humaliza saa 2, jumla saa 12, ambazo kwa kawaida hugawanywa kati ya mama na watoto wawili au watatu. Punda mmoja anayebeba madumu 2 huzipunguza safari hizo hadi 3, sawa na saa 6 za mtu mmoja. Punda wawili huzifikisha 2, sawa na saa 4. Kisima hicho hicho kikiwa mita 500 kutoka nyumbani, sehemu kubwa ya faida hiyo hutoweka, na fedha ya punda ingefaa zaidi kununulia tangi la kuvunia maji ya mvua.

Msomaji atakuwa ameona kwamba hesabu hiyo imempa punda madumu 2 tu, ilhali barabarani si ajabu kumwona aliyefungwa 4. Hapa ndipo penye kosa linalowagharimu wengi. Punda wengi wa Tanzania ni wadogo, wenye uzito wa kilo 110 hadi 150, na kanuni inayofuatwa na wataalamu wengi ni kwamba mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wa mnyama, yaani kilo 40 kwa punda wa kilo 120. Madumu 4 ni kilo 80, theluthi mbili za uzito wake. Gunia la mahindi la kilo 100 si mzigo wa punda mmoja hata kidogo, na lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo na kushonewa kilemba juu, ambalo Wakala wa Vipimo hulipiga marufuku hata sokoni, humvunja mgongo. Methali isemayo punda afe mzigo ufike huenda ilitungwa na mtu aliyekuwa na punda wa akiba, kwa sababu mwenye mmoja akifuata ushauri huo hufikisha mzigo mmoja na kubeba mwenyewe yote inayofuata. Kaya ambayo daftari lake linaonyesha kwamba punda ataleta faida endapo tu atabeba madumu 4 imekwisha kupata jibu: haihitaji punda mmoja, inahitaji wawili au mkokoteni.

Idadi ya wawili ina sababu nyingine inayotokana na tabia ya mnyama mwenyewe. Punda ni mnyama wa kundi ambaye hushikamana na mwenzake mmoja kwa miaka mingi, na akiwekwa peke yake hulia, hutoroka kwenda kwa punda wa jirani, au hupoteza hamu ya kula. Jambo hilo la mwisho si dogo. Punda asiyekula kwa siku moja au mbili huanza kuyeyusha mafuta ya mwili wake kwa kasi kiasi kwamba mafuta hujaa katika damu na kuharibu ini, na hali hiyo huua hata kama chanzo chake kilikuwa huzuni tu ya kutenganishwa. Mnunuzi asiyemudu wawili anaweza kukubaliana na jirani mwenye punda ili wanyama walale na kuchungwa pamoja. Ng'ombe na mbuzi hupunguza upweke huo, ingawa hawauondoi.

Kabla ya kununua kuna njia ya kujaribu ambayo haitumiki vya kutosha, nayo ni kukodi au kuazima punda kwa msimu mmoja wa kiangazi, akilala katika boma la kaya inayojaribu. Majuma matatu ya kuamka na punda hufundisha mengi kuliko ukurasa wowote. Vilevile inafaa kulinganisha na vyombo vilivyopo. Bodaboda hubeba gunia kwa haraka na haili inapolala, toyo ya magurudumu matatu hubeba magunia kadhaa kwa mara moja hadi Haydom barabara ikiwa kavu, na kaya yenye maksai, yaani madume ya ng'ombe yaliyohasiwa na kufundishwa kazi, tayari ina nguvu ya kulima na ya kuvuta. Punda huyashinda hayo yote katika mambo mawili: hupita vijia vya milimani ambamo gurudumu halipiti, na hufanya kazi ndogo ya kila siku isiyostahili nauli. Kwa kulima, hasa katika udongo mzito, hawezi kushika nafasi ya maksai.

Chakula chake hakitishi, mradi kipangwe mapema. Punda hutumia kwa siku kiasi cha chakula kikavu kisichozidi sana asilimia 2 ya uzito wake, yaani kilo 2 na nusu hivi kwa punda wa kilo 120, na tumbo lake limeumbwa kwa majani makavu yenye nyuzi nyingi, hivyo mabua ya mahindi, majani ya maharage yaliyokauka vizuri na mabua ya ngano yanayopatikana upande wa Basotu humtosha kuliko anavyodhani aliyezoea ng'ombe wa maziwa. Kwa siku 180 punda wawili watahitaji kilo 900 hivi, na swali la kujibiwa kabla ya kununua ni wapi kilo hizo zitahifadhiwa zisiloe wala kuliwa na mifugo ya kijiji inayoachiwa mashamba baada ya mavuno. Mahindi yenye ukungu hayapewi punda kwa kisingizio kwamba hayafai kwa watu, kwa kuwa sumukuvu humuua pia. Pumba nyingi kwa mara moja humletea msokoto wa tumbo na uvimbe wa kwato. Na katika eneo linalolima vitunguu saumu kama Mbulu yafaa kukumbuka kwamba mabaki ya vitunguu vya aina zote, yakiliwa kwa wingi, huharibu chembe nyekundu za damu yake. Maji anayohitaji ni lita 10 hadi 25 kwa siku kulingana na joto na kazi, na busara ni kumwacha anywe kisimani, badala ya kumbebesha maji yake mwenyewe hadi nyumbani.

Banda ni lazima, ingawa wengi huliona kama anasa. Manyoya ya punda hayana mafuta ya kutosha kuzuia maji, kwani asili yake ni nchi kame, na mvua ya usiku pamoja na baridi ya nyanda za juu za Mbulu humletea homa ya mapafu, huku tope la boma la ng'ombe likiozesha kwato zake. Paa dogo lisilovuja, sakafu iliyoinuliwa na ukuta unaozuia fisi vinatosha.

Kuhusu afya, kosa la kwanza ni kumtibu punda kama ng'ombe mdogo. Dawa ya kuogeshea yenye amitrazi, inayotumiwa sana kuulia kupe wa ng'ombe, inaweza kuusimamisha utumbo wa punda na kumuua, kwa hiyo punda hapitishwi kwenye josho wala kunyunyiziwa mabaki ya bomba kabla ya kusoma kibandiko cha chupa au kumuuliza ofisa mifugo wa kata. Vyakula vya kuku na ng'ombe vilivyochanganywa dawa ya monensini navyo ni sumu kwake. Chanjo muhimu ni mbili. Ya kwanza ni ya pepopunda, ugonjwa wa vijidudu vya udongoni vinavyoingia kupitia jeraha na kukakamaza misuli, ambao katika Kiswahili umebeba jina la mnyama huyu. Ya pili ni ya kichaa cha mbwa, kwa sababu punda aliyeumwa na mbwa mgonjwa huuma kwa nguvu, na wanaomshika kinywa wakidhani amekwamwa na kitu hujitia hatarini. Ugumu mkubwa zaidi, hata hivyo, ni kwamba punda huficha maumivu. Ng'ombe mgonjwa hujilaza na kulalama. Punda mgonjwa husimama kimya, masikio yameinama kidogo, na mwenye haraka huusifu utulivu huo.

Swali la nani atafaidika linafaa kujibiwa kwa uwazi kabla fedha haijatoka. Mizigo iliyo katika daftari, ikiwa ni maji, kuni na mahindi ya kusaga, kwa kawaida imebebwa na wanawake na watoto, na punda akinunuliwa kwa hoja ya kuwapunguzia mzigo kisha akapelekwa kila siku kubeba matofali na mchanga wa watu kwa malipo, wenye kubeba maji wataendelea kubeba maji na kuongezewa kazi ya kumchunga punda. Si kosa kutafuta kipato kwa punda. Kosa ni kuihesabu siku moja mara mbili. Kaya inayotaka yote mawili huandika siku za nyumbani na siku za kukodisha, pamoja na siku moja katika juma ya kupumzika, na kuona kama siku 7 zinatosha.

Uamuzi ukiwa wa kununua, mnunuzi huenda mnadani akiwa na mtu anayewajua punda, na si dalali anayelipwa kwa kila mauzo. Umri husomwa katika meno 6 ya mbele ya taya la chini: meno ya utotoni ni madogo na meupe, jozi ya katikati hubadilishwa akiwa na umri wa miaka 2 na nusu hivi, jozi inayofuata miaka 3 na nusu, na ya pembeni miaka 4 na nusu, kwa hiyo punda ambaye meno yake yote ya mbele ni ya ukubwani ana miaka 5 au zaidi na anaweza kubeba mzigo kamili, ilhali mwenye jozi moja tu bado ni mtoto hata kama muuzaji ameshamtembeza na magunia. Baada ya kinywa huja mgongo. Mkono hupitishwa polepole kutoka shingoni hadi kiunoni, kwa kufuata mwelekeo wa manyoya, na jicho hutafuta nywele nyeupe zilizoota kwa viraka begani na pande za uti wa mgongo. Nywele hizo huota mahali ambapo kidonda cha tandiko kilipona, na kila kiraka ni ushahidi wa mzigo uliofungwa vibaya. Kiraka kimoja cha zamani husameheka. Viraka vingi pamoja na ngozi inayocheza mara tu kidole kinapogusa humaanisha mnyama aliyekwisha kujifunza kwamba mtu ni maumivu, naye atauma au kurusha mateke kwa miaka mingi ijayo.

Kisha punda hutembezwa, bila mzigo, kwenye ardhi ngumu, akishikwa kamba iliyolegea. Kichwa kinachoinuka kila mguu mmoja wa mbele unapokanyaga huonyesha kwamba mguu huo unauma. Kwato huinuliwa moja moja, nazo zinapaswa kuwa kavu, zisizo na harufu ya kuoza wala ufa unaofika kwenye nywele, na namna punda anavyokubali kuinuliwa mguu hueleza malezi yake kuliko maneno ya muuzaji. Jinsia nayo ina uzito. Punda dume asiyehasiwa hupigana na kukimbilia majike, hivyo hamfai anayeanza. Dume aliyehasiwa ni mtulivu na hufanya kazi mwaka mzima. Jike huzaa, lakini mimba yake huchukua takriban miezi 12, na katika miezi ya mwisho na ya mwanzo wa kunyonyesha hapaswi kubebeshwa mizigo mizito, kwa hiyo anayenunua jike mwenye mimba kwa furaha ya kupata wawili kwa bei ya mmoja hununua pia miezi mingi isiyo na kazi.

Hati zisipuuzwe. Mnunuzi hudai stakabadhi ya mnada na kibali cha kusafirisha mifugo, na hukagua hereni au alama inayomtambulisha mnyama chini ya sheria ya mwaka 2010 ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inafanya kumtesa au kumlemea mnyama kuwa kosa. Uangalifu huo wa hati una sababu ya karibuni. Mahitaji ya ejiao, dawa ya Kichina inayotengenezwa kwa gundi ya ngozi ya punda, yalileta machinjio ya punda Dodoma na Shinyanga na kuchochea wizi wa mifugo hiyo katika nchi nyingi za Afrika, na kwa kuwa jike huzaa mtoto mmoja tu na si kila mwaka, punda waliochinjwa hawarudi haraka. Desemba 2022 mkutano wa kwanza wa punda wa Bara la Afrika ulifanyika Dar es Salaam, na Februari 2024 wakuu wa nchi wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa walikubaliana kusitisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Punda wa bei ya chini mno jioni, nje ya uzio wa mnada na bila stakabadhi, aachwe.

Fedha ya vifaa itengwe kando ya bei ya mnyama, isiwe ile itakayobaki. Mto wa mgongoni hushonwa kwa magunia yaliyojazwa nyasi laini, ukiwa na sehemu mbili nene zinazolala pande mbili za uti wa mgongo na nafasi wazi katikati ili mfupa usiguswe, na juu yake huwekwa shogi, yaani mfuko wa pande mbili unaoning'inia sawasawa kushoto na kulia. Kamba nyembamba ya katani chini ya tumbo au mkia hukata ngozi kwa siku chache. Ukanda mpana wa turubai haukati. Kwa mkokoteni, nira ya ng'ombe haifai, kwa kuwa ng'ombe husukuma kwa nundu na punda hana nundu. Yeye huvuta kwa kifua, akivishwa ukanda mpana wa kifuani, na katika miteremko ya Maretadu huhitaji pia ukanda wa makalio, la sivyo gari lote humsukuma kwa nyuma.

Punda aliyefika nyumbani hapewi kazi kwa majuma mawili ya kwanza. Hushikwa kila siku, huinuliwa miguu, huonyeshwa njia ya kisimani akiwa mtupu, kisha huvishwa mto bila mzigo. Mzigo wa kwanza uwe wa pumba au majani makavu, kilo chache kila upande, na maji yafuate baadaye, katika madumu yaliyojazwa hadi shingoni, kwa sababu maji ya nusu dumu husukasuka kwa kila hatua na kumyumbisha mnyama ambaye bado anajifunza kumkabidhi mtu mgongo wake.